Siku Moja Mombasa: Kununua Leso Biashara Street na Kuuona Mji wa Kale Bila Kulanguliwa

Kila likizo wageni wangu kutoka bara wakishuka hapa, maswali ni yale yale. Tuanze ngome ya Fort Jesus au madukani? Duka gani lina leso nzuri? Doti ni leso ngapi? Na lile ninaloulizwa kwa simu saa kumi jioni, mtu yuko tayari kwenye matatu anarudi: "Nimeuziwa kitambaa kimoja kirefu, sasa leso ya pili iko wapi?" Nimeamua kuyaandika majibu mara moja. Nikiulizwa tena nitakutumia haya.

Kabla hatujaenda mbali: hapa Mombasa tunasema leso. Mtanzania husema kanga au khanga. Ni nguo ile ile, na muuzaji atakuelewa kwa jina lolote kati ya hayo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Nguo inayofunika mabega na magoti, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Mji wa Kale ni makazi ya watu, tena kuna misikiti kila baada ya hatua chache.
- Viatu bapa ulivyokwisha kuvizoea. Siku ya leo si ya viatu vipya.
- Kitambulisho. Kiingilio cha Fort Jesus, ambayo sasa ni makavazi, hutofautiana kwa raia, mkaazi na mgeni wa nje, na bila kitambulisho hutaweza kubishana na mtu wa dirishani.
- M-Pesa yenye salio, pamoja na noti ndogo ndogo. Malipo ya taasisi za serikali yamehamia eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, kwa hiyo usitegemee pesa taslimu pekee pale langoni. Noti ndogo ni za tuktuk, maji na kahawa.
- Mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na doti sita (kila doti ni leso mbili) zina uzito kuliko unavyodhani.
- Chupa ya maji na utepe wa kupimia wa fundi cherehani.
- Orodha ya watu unaowanunulia, na karibu na kila jina andika huyo mtu ni nani kwako. Usiipuuze hii. Utaona sababu kwenye hatua ya 6.

Chagua siku kwanza

Jumatatu hadi Alhamisi ndizo siku nzuri. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufunga kwa swala, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Hata siku za kawaida wenye maduka wengi hufunga mchana waende kula na kupumzika, warudi alasiri. Anayefika Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso, saa saba na nusu atakutana na milango imefungwa, kisha atawaambia watu kwamba Mombasa haina biashara.

Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana pamepoa, usiku pamechangamka. Wiki ya mwisho kabla ya Idi ni msongamano mtupu. Kama hupendi kusukumwa, usije wakati huo. Kama unapenda kuona mji mzima ukinunua nguo kwa pamoja, basi hiyo ndiyo wiki yako.

Hatua

1. Anza Fort Jesus, asubuhi na mapema.
Watu wengi huanza na maduka, wakaingia ngomeni saa saba mchana na mizigo mkononi, jua limewachoma, hawaoni kitu. Fanya kinyume. Langoni hufunguliwa saa mbili asubuhi, kuwa pale.

Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa msanifu Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Waingereza nao waliifanya jela hadi miaka ya 1950. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani tafuta vitu vitatu: michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na Wareno, vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na Nyumba ya Waomani iliyo juu ya ukuta, ambako pia utapata upepo na mandhari ya bahari.

Inahusiana vipi na mavazi? Neno "leso" lenyewe ni la Kireno, *lenço*, yaani kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vya mraba vikiwa bado havijakatwa, wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha nguo nzima ya namna hiyo. Ukitoka ngomeni ukijua hilo, duka la leso halitakuwa rundo la rangi tu.

*Angalia:* nje ya lango utakutana na watu wanaojitolea kukuongoza. Wapo wazuri sana, wanaojua mji nyumba kwa nyumba. Muulize kitambulisho cha kazi, kisha mkubaliane bei na muda kabla ya kupiga hatua ya kwanza. "Utanipa chochote tu" si bei. Ni mwanzo wa ugomvi.

2. Ingia Mji wa Kale kwa miguu, ukiangalia watu kuliko majengo.
Kutoka ngomeni shika Ndia Kuu. Tazama milango ya kuchonga na roshani za mbao, upite karibu na Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mweupe, mmoja kati ya misikiti mikongwe kabisa ya mji huu. Saa moja na nusu inatosha, labda mbili kama unapiga picha.

Lakini hasa tazama mavazi. Mwanamke aliyetupa leso begani juu ya dera anaenda dukani hapo jirani. Mwenye buibui na mkoba ana safari ya mbali kidogo. Mzee wa kanzu na kofia iliyokaa sawa, usidhani kofia hiyo ni ya bei rahisi. Angalia rangi zinazopangwa pamoja, angalia leso inavyofungwa. Nusu saa hii itakusaidia dukani kuliko maelezo yangu yote.

Mwenye umri mwamkie "shikamoo". Usimpige mtu picha kabla hajakubali, na usielekeze kamera kwenye mlango ulio wazi, kwa sababu ndani mna watu wa nyumba. Ukifika karibu na bandari ya zamani, uliza kwanza kama unaruhusiwa kupiga picha.

3. Kunywa kitu, kaa kivulini.
Viazi karai, maji ya madafu, chochote. Usiende kununua nguo ukiwa na njaa. Utanunua doti ya kwanza unayoonyeshwa ili yaishe.

4. Nenda Biashara Street, na mzunguko wa kwanza usinunue.
Elekea Markiti, lile soko la zamani ambalo ramani huliita Mackinnon, kisha vuka Digo Road. Ni mwendo wa robo saa hivi kutoka ngomeni, na tuktuk zipo kwa aliyechoka. Mtaa wenyewe ni leso, vikoi, vitenge na madera pande zote mbili, nyingi zimetundikwa nje zikipepea.

Tembea upande mmoja hadi mwisho, urudi kwa upande wa pili. Uliza bei ya doti moja katika maduka matatu na uikumbuke. Ukishindwa kabisa kuvumilia, nunua chupa ya maji.

Duka kongwe mojawapo mtaani hapa ni la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887. Leso zake utazijua kwa maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Inasemekana mwenye biashara hiyo ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuweka maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, wakati huo kwa herufi za Kiarabu. Sisemi ununue hapo tu. Nasema pita uone.

5. Taja unachotaka kwa jina lake.
Ukiingia na kusema "nataka kitambaa kizuri cha Kiafrika" umejitangaza. Sema hivi:

- *Doti*: leso mbili zinazofanana, zimeungana. Ndivyo leso zinavyouzwa.
- *Korja*: vipande ishirini. Hii ni lugha ya jumla. Ukiwa na harusi au ukoo mkubwa, uliza bei yake.
- *Kisutu*: leso ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Usimnunulie mtu kwa sababu umependa rangi tu, atakuuliza anaolewa lini.
- *Kitenge*: kizito kuliko leso, hakina pindo la kuzunguka pande zote wala maneno. Huuzwa kwa yadi, na ndicho cha kushonesha gauni au shati.
- *Kikoi*: kimefumwa, si cha kuchapwa, kina mistari na matamvua. Ni cha wanaume kwa asili, siku hizi ni cha kila mtu.
- *Dera*: gauni pana lililokwisha kushonwa.

6. Soma maneno kabla ya kupenda rangi.
Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ukanda unaozunguka ukingoni. Mji ni sehemu ya kati. Jina ni maneno yaliyo chini ya mji, na hayo ndiyo yanayosema na mtu. Anayepewa leso hapa Pwani husoma kwanza, kisha ndiyo hushukuru.

Mwaka ule wa kwanza wa ndoa yangu nilimchagulia mama mkwe doti ya samawati, rangi anayoipenda, kitambaa laini ajabu. Jina sikulisoma. Lilikuwa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Aliisoma mara mbili, akaikunja taratibu, akaniuliza: "Nani aliyekutuma?" Mpaka leo leso ile hajaivaa mbele yangu.

Kwa hiyo toa ile orodha yako. Kwa mama mzazi au mama mkwe, tafuta jina la shukrani kama "Nani kama mama". Kwa mwenyeji aliyekulaza kwake, "Wema hauozi" au "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kwa rafiki wa siku nyingi, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Kwa mchumba, "Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika", ila uwe na uhakika kwamba naye anakohoa.

Yapo ya kurusha. "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" au "Hasidi hana sababu" hununuliwa na mtu kwa ajili yake mwenyewe, ajifunge apite mlangoni kwa jirani. Ukimpa mtu kama zawadi umemwingiza vitani asivyovijua, au umemwambia hasidi ni yeye. Ukiona jina hulielewi, muulize muuzaji bila haya: "Hii naweza kumpa shangazi?" Watacheka, lakini watakwambia kweli. Na kwa mtu usiyemjua vizuri, chukua lenye dua au heri ya sikukuu.

7. Kagua kitambaa chenyewe.
Omba doti ifunguliwe yote. Muuzaji wa leso amezoea. Kisha:

- Geuza nyuma. Rangi iwe imepenya, nyuma isiwe imepauka kama karatasi.
- Angalia kama mji umekaa katikati na pindo lina upana ule ule pande zote. Leso iliyochapwa upande haifungiki ikapendeza.
- Pima. Kipande kimoja huwa karibu mita 1.5 kwa 1.1. Vipo vifupi, na mtu mnene atavijua papo hapo.
- Sugua kwa vidole. Leso mpya huwa ngumu kwa sababu ya wanga, hilo si tatizo. Lakini wanga ukitoka kama unga mwingi na kitambaa kikaonekana chepesi kama chandarua, kiache.
- Ukitilia shaka kama ni pamba, omba uzi mmoja wa ukingoni uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Fanya nje ya duka, tafadhali.

Usishangae kuona leso imechapwa India. Nyingi ni hivyo, tangu zamani, na si ishara ya ubovu.

8. Elewana bei.
Kwenye maduka ya leso bei ya doti moja haishuki sana, kwa sababu jirani anauza vile vile na wewe umekwisha kuuliza. Punguzo hutoka kwenye idadi. Chagua doti zako tano au sita, ziweke pamoja mezani, ndipo useme: "Zote hizi utanifanyia ngapi?" Salamu kwanza, lakini, anayeanza na bei kabla ya "habari za asubuhi" hulipa kwa ukosefu wa adabu.

Vibanda vya vinyago na shanga karibu na ngome vina hesabu nyingine. Pale bei ya kwanza ni mwaliko wa mazungumzo. Jibu kwa utani, na ukiambiwa "basi", usirudi nyuma baada ya kukubaliana.

9. Kata na upinde hapo hapo.
Hili ndilo jibu la lile swali la simu. Leso ya pili hukupoteza. Doti huja vipande viwili vimeungana, unakata katikati palipoachwa nafasi kati ya mapindo mawili, kisha kingo mbili zilizokatwa kwa kila kipande zinapindwa kwa cherehani. Uliza dukani fundi yuko wapi. Kwa kawaida hayuko mbali. Msubiri, usimwachie na kwenda kuzurura kama una gari la moshi la jioni.

Ukitaka kuzishonesha nguo, usikate kwanza. Mpelekee fundi doti nzima aamue mwenyewe pindo litakaa wapi.

10. Kikoi na kofia, kama muda upo.
Kikoi kizuri kina rangi sawa mbele na nyuma kwa sababu nyuzi zenyewe zimetiwa rangi kabla ya kufumwa. Vuta matamvua kidogo, yasing'oke.

Kofia ya kazi ya mkono igeuze uitazame ndani. Utaona vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na mishono isiyolingana kabisa. Ya mashine imenyooka mno. Ya mkono huchukua wiki nyingi kushonwa, kwa hiyo ukitajiwa bei kubwa usimtukane muuzaji, na ukitajiwa bei ndogo mno usiamini. Unamnunulia mtu ambaye hayupo? Pima kichwa chake kwa uzi kabla ya kuondoka nyumbani.

Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue watu hupenda kupigia picha. Dakika tano zinatosha, tena angalia magari.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kununua leso ya kwanza ya duka la kwanza. Kuvaa kaptula fupi Mji wa Kale, kisha kulalamika kwamba watu wanakodoa. Kuchanganya doti mbili zinazofanana rangi lakini si jina. Nyumbani ndipo mtu anagundua kila kipande kinasema lake. Kumfuata kijana anayesema "duka la binamu yangu lina bei ya kiwanda". Na kuhesabu pesa mtaani.

Mambo yakienda kombo

*Maduka yamefungwa ulipofika.* Rudi Mji wa Kale ukae kivulini hadi alasiri. Yanafunguliwa tena.

*Umepotea vichochoroni.* Uliza njia ya kwenda Digo Road au Fort Jesus kwa mwenye duka au mama aliyekaa kibarazani, wala si kwa kijana aliyekufuata. Mji wa Kale ni mdogo. Ukitembea dakika kumi upande wowote utatokea barabarani au baharini.

*Tuktuk inakutajia bei ya ajabu.* Shuka, muulize mwenye duka bei ya kawaida ya kule unakoenda, kisha simamisha nyingine.

*Leso inatoa rangi.* Ndivyo leso mpya zilivyo. Iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi, ifue peke yake mara mbili tatu za mwanzo, ianike kivulini. Usiiweke kamwe na kanzu nyeupe.

*Umegundua dosari baada ya kulipa.* Rudi siku hiyo hiyo kabla haijakatwa. Wengi watakubadilishia doti nzima. Iliyokwisha kukatwa ni yako.

*Umeshampa mtu leso yenye jina baya.* Mnunulie ya pili yenye jina la kheri, umpelekee mwenyewe, na mueleze kwamba hukusoma. Mimi nilipeleka "Nani kama mama". Hiyo huivaa.